Kaeni barazani kwanza: kwa mnaoanza kuchora nyumba Mombasa

Nyumba ya kwanza niliyopewa kuikarabati Mji wa Kale niliiharibu. Ilikuwa Kibokoni, orofa moja juu, kuta za matumbawe zenye unene wa nusu mita, na ukuta wa sebuleni ulikuwa umeshika unyevu kutoka sakafuni mpaka magotini. Nilikuwa nimetoka chuo mwaka uleule. Dawa ya ukuta mbovu niliyoijua ilikuwa moja: bandua plasta kuukuu, piga ya simiti, malizia na rangi ya plastiki. Tulikabidhi kazi mwezi wa Februari, kuta laini kama ganda la yai, kila aliyeingia akisifu. Masika yalipokwisha rangi ilikuwa imefura malengelenge, na ukilipasua moja unakuta chumvi nyeupe mfano wa unga. Mwaka haujaisha, plasta ikaanza kudondoka vipande, na unyevu uliokuwa magotini ukawa kifuani.

Mwenye nyumba hakunigombeza. Alimwita mwashi mmoja mzee, yule mzee akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akanigeukia: "Mwanangu, umemvika mtu koti la mvua, kisha wamuuliza mbona atoka jasho?"

Nyumba hizi za kale hazina utando wa kuzuia maji chini ya ukuta. Tumbawe ni jiwe lenye vitundu, hunyonya maji kutoka ardhini kama utambi wa kandili. Waliozijenga walilijua hilo, wakazipaka chokaa, kwa sababu chokaa huyaacha maji yatoke tena kwa upepo. Ukiziba kwa simiti, maji hayarudi chini, yanapanda yakitafuta pa kutokea, na chumvi yanayoibeba inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Kwa hiyo ukikuta ukuta wa matumbawe unalia, usianze na ukuta. Tazama kwanza maji yanatoka wapi: bomba la jirani, mfereji ulioziba, kijia kilichomwagwa zege mpaka kikawa juu kuliko sakafu ya ndani. Ukishayaondoa hayo, rudi na chokaa, sehemu moja kwa mchanga tatu, matabaka membamba, kila tabaka likinyunyiziwa maji siku kadhaa lisikauke ghafla. Ni kazi ya taratibu. Mteja atakuuliza mbona fundi anamwagilia ukuta kama mchicha. Mweleze mapema, kabla hajauliza.

Siwaambii haya ili muichukie simiti. Mji huu unaitengeneza, kule Bamburi, kwa mawe ya chokaa yaliyokuwa matumbawe zamani za kale. Ila mjue bei yake nyingine: jiwe huchomwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,450, na lenyewe likichomeka hutoa hewa ya ukaa, mbali na moshi wa makaa yaliyolichoma. Ndiyo maana mtu akinijia na habari za nyumba isiyoharibu mazingira, akitaja sola na taa za kisasa, swali langu la kwanza ni: unabomoa nini? Ukuta uliosimama miaka mia ukibaki umesimama, umeokoa kuliko paneli nyingi za juu ya paa.

Sasa niwaambie jambo ambalo ningependa ningeambiwa siku ya kwanza. Mkipewa nyumba, msifungue kompyuta. Nendeni mkakae. Nendeni saa tatu asubuhi, mrudi saa tisa alasiri jua linapopiga upande wa magharibi, mrudi tena saa tatu usiku. Ombeni chai, watawapa. Tazameni watu wanakaa wapi bila kuambiwa. Nyumba ina chumba kikubwa cha wageni chenye makochi yaliyofunikwa nailoni, na familia nzima imejibana kwenye kikorido cha nyuma. Mbona? Kwa sababu upepo uko pale. Kikorido kile ndicho kitakachokwambia uchore nini.

Chuoni mnafundishwa jua kwa mifano ya nchi za mbali, ambako jua liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana liko kaskazini yetu, Disemba liko kusini, na mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 10 Machi na mwanzo wa Oktoba, linapita utosini hata kivuli chako hukioni. Maana yake, upande wa kaskazini na wa kusini unaukinga kwa upenu wa kawaida tu, lakini mashariki na magharibi jua huja limeinama, upenu haulizuii. Geuza ubavu mwembamba wa nyumba uangalie huko. Kama kiwanja kimekulazimisha, weka upande wa magharibi vitu visivyokaliwa: stoo, bafu, ngazi.

Upepo nao una miezi yake, na mabaharia waliufundisha mji huu kabla yetu. Kaskazi huja toka kaskazini mashariki, tuseme Disemba hadi Machi. Kusi huvuma toka upande wa kusini kuanzia Aprili hivi hadi Septemba. Katikati ni tanga mbili, upepo hauna msimamo, na hapo ndipo watu hugombana majumbani. Chumba chenye dirisha moja hakina upepo hata likiwa kubwa namna gani. Upepo ukikosa pa kutokea hauingii. Na msipofuke na madirisha ya alumini ya kuteleza, ambayo siku hizi ndiyo kila nyumba ya Nyali. Dirisha la mita moja na nusu la namna hiyo hufunguka nusu yake tu, nusu nyingine ni kioo kimekaa kinapika chumba. Ongeza wavu wa mbu, upepo umepungua tena. La bawaba hufunguka lote. La luva za mbao, vile vibao vyembamba vilivyoinamishwa, hupitisha upepo hata mvua ikinyesha, na huficha waliomo ndani. Mkipita Ndia Kuu inueni macho muone roshani na madirisha yale ya zamani: yana luva, mtu aliyelala kitandani anapata upepo na wa barabarani hamuoni.

Hilo la kuonekana linanileta kwenye kosa la pili, ambalo lilikuwa la aibu zaidi kwa sababu mteja mwenyewe ndiye aliyeliomba. Mama mmoja wa Tudor alinionyesha picha kwenye simu: jiko la wazi, kaunta ya mawe, viti virefu, sebule na jiko chumba kimoja. Nikalichora kwa furaha. Mwezi haukuisha, nikapita kuona kazi, nikakuta pazia la maua limetundikwa kutoka ukuta hadi ukuta. Hakulalamika, alicheka tu. Mume wake ana wageni kila jioni. Wageni wakiingia, yeye na binti zake walibidi ama wavae buibui wakikaanga samaki, ama wajifungie chumbani na chakula kiungue. Na kitunguu cha pilau kilikuwa kimeingia kwenye makochi hakitoki.

Picha ile ilikuwa nzuri, na mama hakuwa amekosea kuitaka. Aliyekosea ni mimi, niliyeichukua picha kuwa ndiyo haja yake. Alichotaka ni kutotengwa: akipika awasikie watoto, aone nani kaingia. Nyumba za kale zilikuwa na jibu. Kuna baraza nje, mgeni wa kupita anaishia hapo. Kuna daka, kibaraza cha mlangoni. Kisha unapinda, hakuna mlango wa mbele unaotazamana na ua. Kila hatua ina mtu wake. Tulichofanya baadaye ni kuweka kiambaza cha mbao zilizotobolewa, na kumgeuzia mgeni njia ili apite pembeni. Pazia likatolewa. Tangu siku ile, kwenye daftari langu la vipimo nina ukurasa ambao hauna vipimo: nani anaingia, anasimama wapi, nani hatakiwi kumuona nani. Mkristo wa Changamwe atakupa majibu mengine, na Mhindi wa Makadara mengine. Usijibu kwa niaba yao.

Na tafadhali mbakishieni mtu ua. Hata mita mbili kwa tatu. Nazi hukunwa wapi? Jiko la makaa litawashwa wapi stima ikipotea? Msipochora pa kukunia nazi, itakunwa kwenye baraza lenu zuri la marumaru.

Chumvi. Hewa yetu inaila nyumba usiku na mchana. Chuma kilichomo ndani ya zege kikipata kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Tazameni mabalkoni ya majengo yaliyo karibu na bahari, mtaona vyuma vimejitokeza kama mbavu. Mambo mawili yanasaidia zaidi ya rangi yoyote: zege lililofunika chuma liwe nene, milimita 40 au zaidi kwa upande wa nje, na mchanga na maji ya kukorogea yasiwe na chumvi. Mchanga wa ufuoni ni bure, nao huletwa usiku mkiwa hampo. Kisima cha chumvi pia ni karibu. Simameni hapo siku ya kumwaga slabu, muangalie biskuti, vile vitofali vidogo vya kuinulia chuma, kama ziko zote. Fundi akikosa biskuti huweka kijiwe chochote. Ukirudi jioni slabu imeshamwagwa, na huoni tena kilichomo.

Kwa jambo hilohilo la slabu: paa tambarare la zege bila kivuli ni jiko. Hukusanya joto mchana kutwa na kulishusha chumbani baada ya magharibi, saa ambayo watu wanataka kulala, na usiku wetu wenyewe haupoi sana. Weka paa jingine juu yake, la makuti au mabati, upepo upite katikati. Wateja wengi hukataa makuti wakiogopa moto, na hawajakosea. Basi weka mabati meupe.

Maji nitayasema kwa hesabu maana hapo ndipo wateja husikia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 1,200. Toa zinazopotea, bado una kama 950. Mombasa hupata milimita elfu moja hivi kwa mwaka. Mtu anayenunua maji kwa mkokoteni, madumu ya lita 20, ukimwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi hahitaji hotuba ya mazingira. Chora mfereji wa paa na mahali pa tangi tangu mwanzo, na mpindo wa kumwaga maji ya kwanza yaliyoosha vumbi na kinyesi cha kunguru. Kunguru wa Mombasa mnawajua.

Karatasi nitazipita haraka. Ramani huidhinishwa na kaunti, mradi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na ukiwa Mji wa Kale kuna ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Taifa. Nendeni huko kabla ya kuchora, si baada. Watu wake wamezipima nyumba nyingi na watakuonyesha mlango upi hauguswi. Ukitaka boriti za mikoko za kubadilisha zilizoliwa na mchwa, ulizia kibali zilikokatwa. Urefu wa boriti ndio uliofanya vyumba vya kale viwe vyembamba, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, kwa hiyo usiondoe ukuta wa kati ukidhani ni wa kugawa tu; ndio uliozibeba.

Lakini swali moja la karatasi msilipite. Muulizeni mteja: nyumba ni yako, na ardhi je? Mombasa tuna nyumba bila ardhi, nyingi, Majengo, Likoni, Kisauni. Mtu anamiliki kuta na paa, na chini yake ni kwa mwingine anayemlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Nilishawahi kumchorea baba mmoja orofa nzima juu ya nyumba ya aina hiyo kabla ya kuuliza. Alikuwa na pesa, alikuwa na ramani, na hakuwa na ruhusa ya kuongeza hata choo. Ile ramani anayo mpaka leo, ameitundika sebuleni.

Nyumba ya Kibokoni tuliirudia. Yule mzee aliongoza, mimi nikibeba ndoo, na simiti yangu tuliibandua kwa tindo kwa wiki tatu. Ukuta ukaachwa uchi miezi mitano ukauke ndipo tukapiga chokaa. Bado napita pale. Unyevu umeshuka mpaka kwenye kifundo cha mguu na hapo umekaa; kila baada ya Idi mwenye nyumba huwapa wajukuu ndoo ya chokaa na brashi, wanapaka mstari wa chini, sakafu yote inachafuka.