Usiisugue: kwa wanaoanza kukusanya sarafu za kale Mombasa

Sarafu yangu ya kwanza ilikuwa pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Bibi aliitoa kwenye kijaluba chake akanipa. Nikaisugua kwa ndimu na majivu, kama tunavyosugua sinia Idi ikikaribia. Iling'aa. Nikaipeleka kwa sonara mmoja mzee wa Mji wa Kale. Akaigeuza mara moja tu, akaniuliza, "Mwanangu, nani kaichuna ngozi?"

Ngozi ni ule utando wa kahawia au kijani kibichi ambao shaba huuvaa kwa miaka mingi. Ukiuondoa haurudi, na mnunuzi anayejua ataona mikwaruzo ya majivu kabla hujafungua mdomo. Nawaomba sana ndugu mnaoanza: sarafu ikifika mkononi, iacheni ilivyo.

Karibu kila mgeni huniuliza, "Ina miaka mingapi?" Umri peke yake hauna bei. Shaba ndogo za Kirumi za zama za Konstantino zina miaka zaidi ya 1,600, na nyingi huuzwa rahisi kwa sababu zilipigwa kwa wingi mno na bado zinafukuliwa. Reale ya fedha ya Barghash ya 1299 ni changa mno kando yake, lakini ni adimu na inagombewa.

Kinachopimwa hasa ni hali. Shika sarafu kwa ukingo, weka taa upande mmoja, si juu, kisha igeuze polepole. Kwenye pesa ya Barghash tazama ile picha ya mizani: mkono wake, nyuzi, halafu vitanga. Sehemu zilizoinuka ndizo zinazolika kwanza. Nyuzi zikionekana moja moja, una sarafu nzuri. Zikiwa zimeungana na vitanga vimekuwa madoa mawili, imetembea sana sokoni. Ila usichanganye kuchakaa na kupigwa vibaya. Palipolika pana ulaini, kama jiwe la mtoni. Pale muhuri wa kuchapia sarafu ulipopiga kwa unyonge, umbo halipo lakini uso bado una ukali wake. Jambo hili lilinichukua miaka kulielewa.

Wamarekani wana kipimo cha hali cha 1 hadi 70, alichokitunga William Sheldon mwaka 1949 kwa senti kubwa za shaba za kwao. Kwa sarafu zilizopigwa kwa mkono, mimi hukiacha. Shaba za Kilwa hazina tarehe hata moja, kwa hiyo nauliza: jina linasomeka? Za Ali bin al-Hasan, sultani wa Kilwa, zina jina upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola yanayofuata vina vya jina hilo. Ikiwa vina vyote viwili vinasomeka, ishike vizuri. Hapo aliyesoma chuo cha Kurani ana faida, maana maandishi ni ya Kiarabu.

Reale za Maria Theresa, sarafu kubwa za fedha zenye sura ya malkia wa Austria, ndizo zenye hila. Karibu zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa karne ya ishirini, basi tarehe haikwambii kitu. Ya kweli ina gramu 28.07 na maandishi yaliyoinuka kwenye ukingo. Ukiona vipovu au mstari wa kalibu, iache: ilimiminwa, haikupigwa. Ukiwa na shaka, weka gilasi ya maji juu ya mizani ya sonara, irudishe kwenye sifuri, kisha itumbukize reale ikining'inia kwa uzi bila kugusa gilasi. Mizani isome kama gramu 2.75. Shaba ya njano iliyopakwa fedha, yenye uzito huohuo, itasoma zaidi ya 3.

Hewa yetu ya chumvi ni adui. Ukiona unga wa kijani mpauko unaochimba shaba, itenge sarafu hiyo siku hiyohiyo, uikaushe. Mifuko laini ya plastiki ya PVC usiitumie, huacha utelezi wa kijani.

Bei tafuta ile iliyolipwa mnadani, si ile anayotamani muuzaji. Na sheria ya Kenya ya 2006 ya makumbusho na turathi inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Pesa ya Mombasa ya 1888, ya kampuni ya Waingereza, imo. Kuitoa nchini bila kibali ni kosa. Kabla ya kununua au kuuza kitu kama hicho, nenda Fort Jesus ukaulize, na usiokote chochote kwenye magofu. Andika kila sarafu ilikotoka.

Ile ya bibi ninayo bado. Kwenye bahasha yake nimeandika: "Barghash, 1299, kutoka kwa bibi, herufi kamili, imesuguliwa."