Maswali ya Wasomaji: Mbona kompaila yangu inakosea kutoa?

SWALI: Asalaam aleikum. Natunga lugha ndogo ya programu yenye maneno ya Kiswahili, ya kupigia hesabu za samaki wanaovushwa kwenda Mokowe. Nikiandika mapato - barafu - nauli, yaani 1000 - 200 - 100, napata 900. Nilipoigeuza kanuni ya kusoma hesabu, programu ikafa papo hapo. Tena jina kamati linakatwa: kama, halafu ti. Nimekosea wapi?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Makosa yote yako sehemu ya mbele ya kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), yaani ile inayosoma maandishi, kwa hiyo LLVM, zana ya kuzalisha msimbo wa mashine, iache kwanza.

Tuanze na jepesi. Leksa yako, sehemu inayokata maandishi kuwa maneno na alama, inalikamata neno maalumu "kama", lililotengwa na lugha yako, kabla herufi hazijaisha. Ikusanye herufi na tarakimu zote zilizoshikana, ndipo itazame jedwali la maneno maalumu. Vivyo hivyo <=: ikiona <, ichungulie alama moja mbele kabla ya kuamua.

Kutoa ndiko kwenye kazi. Kwa jibu hilo la 900, kanuni yako inasema hesabu ni namba, kisha -, kisha hesabu. Basi 200 - 100 inafungwa kwanza, na 1000 inapunguziwa 100 tu. Ulipoigeuza ikaanza na hesabu, fankisheni (kipande cha msimbo kinachotekeleza kanuni hiyo) ikajiita kabla haijala hata tokeni moja, yaani neno au alama iliyokatwa na leksa, ikaendelea hivyo mpaka staki, kumbukumbu ya miito ya fankisheni, ikajaa.

Dawa ni kitanzi, yaani msimbo unaojirudia, na uzito wa alama: yenye uzito mkubwa hufungwa kwanza. Ipe < uzito 10, + na - 20, * na / 40. Mianya hiyo itakufaa ukiongeza alama nyingine. Fankisheni ipokee kiwango, yaani uzito wa chini inaoukubali, ikianza na 0. Isome namba, jina au mabano: hicho ndicho kushoto. Maadamu uzito wa alama inayofuata haupungui kiwango, iichukue, isome kulia kwa kujiita na uzito huo kuongeza 1, iviunganishe viwili viwe kushoto kipya, irudie. Hiyo 1 ndiyo roho ya yote: kwa kiwango cha 21, upande wa kulia unasoma 200, unakuta - ya 20, unarudi. Ukiisahau, 900 yako itarudi vilevile. Mabano ya kufunga na mwisho wa faili vipe -1, ili kitanzi kisimame.

Kabla ya kuzalisha msimbo, chapisha mti, yaani muundo wa hesabu uliokwisha kusomwa, kwa mabano. Lazima uone ((1000 - 200) - 100). Na kila tokeni ibebe namba ya mstari na safu tangu leo, maana kuziongeza baadaye ni kuifumua leksa nzima.