Mafunzo kiwandani: weka majina ukutani kila mtu aone

Nina miaka minane sasa ni supavaiza wa shifti kwenye kiwanda cha chupa za plastiki hapa Dar, na kuna kitu nataka niwaambie wenzangu mnaopanga watu kwenye mashine, maana mimi nilikikosea muda mrefu na kuna watu walikuwa wanaumia kimya kimya.

Kwetu mafunzo yalikuwa hivi, mashine mpya inakuja, fundi wa walioiuza anakaa wiki moja, bosi ananiambia toa watu wawili wakae nae, basi natoa. Nani sasa? Yule ninaekunywa nae chai, au kijana niliemuona mchangamfu. Sikuwahi kujiambia nawabagua wadada wa pakingi, lakini miaka mitano ilipita hakuna dada hata mmoja aliegusa mashine, na ungeniuliza kwanini nisingekuwa na jibu.

Usiku mmoja opereta hakuja. Mashine ya kupuliza, ile inayopuliza plastiki ya moto iwe chupa, inatoa chupa plastiki imejazana juu, chini nyembamba kama nailoni, mimi nahangaika na presha ya hewa, dada mmoja wa pakingi akaniambia taratibu, "Kaka, angalia taa za oveni, za juu mbili zimekufa." Kweli bwana, zimekufa, na hizo ndo zinazopasha plastiki moto kabla haijapulizwa! Huyu mtu kakaa mbele ya ile mashine miaka sita anaokota chupa, kila ugonjwa wake anaujua kwa macho, na hakuna aliewahi kumuita aje ajifunze. Iliniuma sana.

Ndo nikaanza jedwali. Majina yanashuka chini, kazi zinaenda pembeni: kupuliza, kubadilisha moldi (kalibu inayoipa chupa umbo), kusaga skrapu, kukagua ubora. Kila kisanduku cha jedwali kina duara la robo nne, robo moja anajifunza, mbili anafanya akisimamiwa, tatu anafanya mwenyewe, likijaa lote anaweza kumfundisha mwenzie. Libandike pale watu wanapochotea maji, sio ofisini kwako. La kwetu siku ya kwanza lilikuwa na madoa kwenye majina ya wanaume na weupe mtupu kwa wadada, hata bosi alisimama akaliangalia muda mrefu. Na zamu ya kujifunza isiwe hisani yako, anaefuata ni yule aliekaa muda mrefu bila kupewa nafasi, basi.

Halafu fundisheni ndani ya shifti jamani. Ukisema mafunzo ni baada ya kazi umeshamtoa mama mwenye mtoto mchanga, umemtoa anaewahi daladala ya mwisho ya Gongo la Mboto, na hutajua kama umewatoa maana hawatakuja kukulalamikia. Na kabla ya chochote anaejifunza aanze na kuzima umeme wa mashine na kuweka kufuli lake kwenye swichi, ufunguo akae nao mfukoni. Hapo usimuonee mtu haya, asieweza hilo asiguse moldi.

Ukikutana na bosi mgumu mwambie hili sio wema wako tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamtaka mwajiri awe na mpango wa kukuza fursa sawa kazini na ausajili kwa Kamishna wa Kazi, na inakataza kubagua kwa jinsia, ujauzito, ulemavu, kabila, dini na mengine. Muulize afisa utumishi mpango wenu uko wapi, uusome.

La mwisho, kwa wale mnaojua kazi ila cheti hamna, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wanakupima unachokijua kwa vitendo, ukifaulu unapata cheti. Yule dada wa taa za oveni sasa ni opereta, duara lake la kupuliza limejaa, na fomu yake tumeijaza nae wiki iliyopita.