Bibi Anasema Miezi Minne, Kliniki Inasema Sita

Mtoto akikaribia miezi minne, ubishi huanza. Bibi anamwona mjukuu akimkodolea macho kila anayekula na kutia ngumi mdomoni, anasema ana njaa huyu, apewe uji. Mama amesikia kliniki kwamba ni miezi sita. Kila mmoja anamwona mwenzake amepotoka, na hakuna anayekumbuka kwamba bibi naye hakujitungia. Aliambiwa na muuguzi wa enzi zake, kwa msisitizo uleule.

Miaka ya 1950, hasa Marekani, madaktari wengi waliruhusu nafaka laini mtoto akiwa na wiki chache tu, na wapo waliozipendekeza siku za mwanzo kabisa baada ya kuzaliwa. Uingereza ilitoa mwongozo mwaka 1974 kwamba chakula kisianze kabla ya miezi minne. Mwaka 1994 ikasema kati ya miezi minne na sita, na mwaka 2003 ikahamia sita. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikuwa likisema miezi minne hadi sita mpaka mwaka 2001, ulipopitishwa msimamo wa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita kamili. Kwa hiyo aliyemwanzishia mwanawe uji wa miezi minne mwaka 1995 alikuwa anafuata kanuni, wala hakuwa mzembe. Hata leo wataalamu hawajakubaliana kwa kila kitu: jopo la Ulaya la lishe ya watoto linasema si kabla ya miezi minne na si baada ya sita.

Njia nzuri ya kupima ushauri wa zamani ni kuuliza ulikuwa unazuia nini, kisha kuuliza kama tatizo hilo bado lipo. Chukua maji ya matunda. Zamani watoto wachanga walipewa maji ya machungwa kwa sababu wengi wao walilishwa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa au ya kopo, ambayo vitamini C yake ilikuwa imepotea, na ugonjwa wa kiseyeye ulikuwa tishio la kweli. Maziwa ya mama yana vitamini C, na ya kopo ya watoto siku hizi huongezewa. Tatizo limeondoka, imebaki sukari inayoshibisha tumbo bure. Ndiyo maana madaktari wa watoto wa Marekani, tangu 2017, wanasema mtoto asipewe maji ya matunda kabisa kabla ya mwaka mmoja.

Kuhusu miezi sita, sababu yake ni hii: watoto walionyonya pekee mpaka umri huo waliharisha kidogo kuliko waliochanganyiwa chakula miezi mitatu au minne, na hawakubaki nyuma kwa ukuaji. Kutafuna ngumi na kuamka usiku si dalili za utayari. Dalili ni kukaa kwa kuegemezwa huku shingo imekaza, kunyoosha mkono achukue chakula na kukifikisha mdomoni, na ulimi kuacha kusukuma nje kila kinachoingia. Zikionekana zote pamoja, mara nyingi ni karibu na miezi sita. Aliyezaliwa njiti ahesabiwe na kliniki yake, maana umri wa kalenda unadanganya.

Na usingizi? Hoja ya bibi kwamba akishiba atalala haikutoka hewani. Jaribio moja kubwa la Uingereza lililochapishwa 2018 liliona walioanza chakula mapema walilala zaidi kwa takriban dakika 16 kwa usiku. Dakika 16! Kila mzazi apime mwenyewe kama zinatosha kubadilisha mpango.

Baada ya miezi sita ubishi unageuka. Sasa hatari ni kuchelewa na kulisha vitu vyepesi mno. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto inakuwa inaisha, na maziwa ya mama, pamoja na uzuri wake wote, yana chuma kidogo sana. Hapo kuna ushauri wa zamani unaodhuru kimyakimya: aanze na uji mwembamba, nyama na mayai yangoje meno. Tumbo la mtoto hubeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 7 anajaa kwa gramu 210 hivi, na kama hizo ni maji yenye unga kidogo, ameshiba bila kula. Mtoto anayenyonya vizuri anahitaji kutoka kwenye chakula kilokalori 200 hivi kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, kama 300 miezi 9 hadi 11, na 550 kuanzia mwaka mmoja. Kipimo cha jikoni ni rahisi: inamisha kijiko. Uji ukimwagika kama maji, urudishe motoni uuongeze unga. Ukishuka polepole au ukibaki pale, uko sawa. Tia kwenye bakuli kijiko cha chai cha mafuta, au cha siagi ya karanga ukishamjaribu nayo kama ilivyoelezwa hapo chini, nguvu inaongezeka bila ujazo kuongezeka.

Nyama, samaki na yai viingie tangu wiki za kwanza. Nyama ipikwe hadi ilainike kabisa, isagwe au ikatwekatwe na kuchanganywa na mchuzi wake. Samaki apekuliwe miiba kwa vidole, usitegemee macho. Yai lichemshwe mpaka kiini kikauke, lipondwe kwa maziwa ya mama lisimkwame. Ini lina chuma kingi lakini pia lina vitamini A nyingi, kwa hiyo mara moja kwa wiki inatosha. Asiyekula nyama apewe maharage au dengu pamoja na tunda lenye vitamini C katika mlo uleule, chuma kifyonzwe vizuri. Chai asipewe, inazuia. Maziwa ya ng'ombe yanaweza kupikia chakula, lakini kuyafanya kinywaji kikuu kabla ya miezi 12 humwongezea hatari ya upungufu wa damu.

Wingi usikutie hofu. Siku za mwanzo ni vijiko viwili vitatu vya chakula, mara mbili au tatu kwa siku, ziwa likiendelea kama kawaida. Panda taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11 ni nusu kikombe, mara tatu hadi nne, na kitafunwa kimoja akitaka. Akifikisha mwaka, robo tatu ya kikombe hadi kimoja kizima. Akikataa chakula kipya leo, kirudishe kesho kutwa kidogo tu bila kumlazimisha. Wengi hukubali baada ya kuonja mara nane, kumi au zaidi. Wazazi hukata tamaa mara ya tatu na kutangaza kwamba mtoto hapendi mboga.

Kosa la kizazi chetu ni blenda. Bibi alikuwa anaponda kwa uma, vibonge vikabaki, mtoto akajifunza kutafuna. Sisi tunasaga mpaka kiwe losheni, tena hadi mwaka mmoja, kwa kuogopa asikabwe. Anayecheleweshwa vibonge kupita miezi tisa au kumi huwa na shida zaidi ya kula baadaye. Hapa bibi ana haki, apewe uma wake. Kufikia miezi minane mtoto ashike vipande mwenyewe, virefu kama kidole, vilainike kiasi cha kupondeka kati ya kidole gumba na cha shahada. Matunda ya mviringo kama zabibu yakatwe vipande vinne kwa urefu. Karoti mbichi na njugu nzima zikae mbali, njugu nzima mpaka miaka mitano.

Mtoto anayejifunza kutafuna hukohoa, hutoa ulimi, macho yakalenga machozi. Huyo mwache, anajisaidia. Wa kuogopwa ni aliyenyamaza: hakohoi, halii, midomo inabadilika rangi. Mlaze kifudifudi mkononi, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, mpige makofi matano kati ya mabega. Kilichomkwama kisipotoka, mgeuze na umbonyeze kifua mara tano, ukirudia huku mwenzako akiita msaada. Usipekue kwa kidole kitu usichokiona, utakisukuma ndani.

Hakuna eneo lililopinduka kama mzio. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri wenye historia ya mzio katika familia wangoje: mayai hadi miaka miwili, karanga na samaki hadi mitatu. Mwaka 2008 wakaufuta ushauri huo kwa kukosa ushahidi. Mwaka 2015 yakatoka majibu ya jaribio la London la watoto 640 waliokuwa na pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai. Walioepushwa karanga, asilimia 17.2 walikuwa na mzio wake walipofika miaka mitano. Waliokula tangu uchanga ni asilimia 3.2. Dada yako aliyelea 2003 akificha karanga alifanya alivyoambiwa. Wewe fanya kinyume.

Chukua vijiko viwili vya chai vya siagi laini ya karanga, changanya na maji ya uvuguvugu vijiko viwili au vitatu mpaka iwe kama uji. Ikiwa nzito kama ilivyotoka kwenye kopo humganda kooni. Mpe ncha ya kijiko, ngoja dakika kumi, ndipo umalizie. Iwe mchana, awe mzima wa afya, na mtu mzima amwangalie kwa saa mbili. Midomo ikivimba, vipele vya mwasho vikitokea, akitapika mfululizo au akipumua kwa kukoroma kifuani, hospitali mara moja. Akivumilia, endelea kama mara tatu kwa wiki. Kuonjesha mara moja na kuacha hakujengi kitu. Mwenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai aonwe na daktari kwanza.

Bibi akiwa ndiye analea mchana, usimpe kurasa kumi za makatazo. Chagua matatu tu: asali kabla ya miezi 12, njugu nzima, na chumvi au sukari kwenye bakuli. Asali ni kwa sababu ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli. Kwa watoto wachanga ulitambuliwa mwaka 1976, hivyo hakuna bibi aliyefundishwa akiwa mama kabla ya hapo. Chumvi yote ya siku kabla ya mwaka mmoja isifike gramu moja, na chakula kinachoonekana chapwa kwa mtu mzima si chapwa kwa mtoto. Mengine mwachie. Maneno nayo yana adabu yake: "Bibi, kliniki wamebadilisha, njoo twende wote tukawasikilize" hufika mbali kuliko "siku hizi hatufanyi hivyo."

Kumwachisha ziwa ni jambo jingine, na Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonya kuendelee hadi miaka miwili au zaidi. Wakati ukifika, achana na ule ushauri wa kukata siku moja na kufunga kifua kwa kitambaa. Maziwa hujaa, mirija huziba, homa hufuata. Ondoa nyonyesho moja, ngoja siku tatu hadi saba, kisha ondoa jingine. Anza na la mchana, la kulalia liwe la mwisho. Titi likiuma kamua kidogo tu upate nafuu, usilimalize. Sehemu ikiwa ngumu, ina joto, na homa imekushika, nenda kituo cha afya. Mtoto akiugua katikati, simamisha mpango na umrudishe ziwani mpaka apone.