Ukibeti mbio za farasi, ufuate rekodi zao au habari za zizini, yaani siri za wanaowatunza?
Rekodi, mkuu. Mtu akikuuzia "habari za zizini" za mbio za Uingereza kwenye kundi la WhatsApp, naye yuko Mbagala, jiulize zimemfikiaje. Zingekuwa za kweli, wenye nazo wangeshaweka pesa zao, odi (kiwango cha malipo ya dau) ikashuka, ndipo wewe uambiwe. Tena kanuni za mbio kule zinakataza watu wa zizini kuuza siri hizo, na joki, yaani mpanda farasi wa mbio, haruhusiwi kubeti farasi kabisa.

Rekodi ziko wazi kwa kila mtu. Tarakimu zilizo kando ya jina la farasi ni nafasi alizomaliza, na mbio za karibuni ziko mwisho kulia. Ukiona 5321, huyo anapanda. 0 ni wa kumi au nyuma zaidi, F alianguka, P joki alimsimamisha njiani. Kisha angalia umbali na hali ya uwanja, maana anayepaa kwenye majani makavu anaweza kuzama kwenye tope. Ila odi nazo zimeshayahesabu hayo: farasi anayepewa nafasi kubwa hushinda karibu mbio moja kati ya tatu, na ukimfuata yeye tu kila siku bado mkeka unachanika.

Kama unauliza wale farasi wa kwenye skrini za vibanda vya kubeti Kariakoo, wanaokimbia kila baada ya dakika chache, sahau yote mawili. Mshindi anachaguliwa na kompyuta kwa bahati nasibu.