Cheti cha ukutani hakitoshi
Ndugu, umeuliza kama cheti cha mamlaka ya anga kinatosha kuiamini shule ya urubani. Hakitoshi. Kwa viwango vya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, leseni ya rubani wa ndege za biashara inahitaji saa 200 za kuruka, ila kwa kozi iliyoidhinishwa zinashuka hadi 150. Saa hizo 50 zinasamehewa kwa kuwa mafunzo yanasimamiwa. Usimamizi ukilegea, anayepungukiwa ni wewe. Omba kuona daftari la hitilafu la ndege: kasoro aliyoandika rubani, na saini ya fundi aliyeirekebisha. Ndege inaruka kila siku na kurasa ni tupu? Mimi ningeondoka. Waulize wanafunzi, pembeni, kama mwalimu anayeahirisha safari kwa hali ya hewa huungwa mkono au hukaripiwa. Na ada usilipe yote kwa mkupuo.