Kabla ya kukata tiketi ya Kigoma, tazameni mwezi

Swali lenu la wiki hii linauliza: ukipata siku mbili tu za kutoka mjini kwako, utakwenda mji gani, na utafanya nini zisipotee bure? Mimi ni mkazi wa Mwanga, hapa Kigoma, na nyumba yangu haikauki wageni: mashemeji, watoto wa shangazi, marafiki wa wanangu, watu tuliofanya kazi pamoja zamani. Kwa hiyo jibu langu ni la mwenyeji. Njooni Kigoma. Ila tarehe msiichague kwa kuangalia sikukuu wala siku mshahara unapoingia. Ichagueni kwa kuangalia mwezi wa angani.

Sababu ni dagaa. Mji huu unakula kwa Ziwa Tanganyika, na ziwa huvuliwa usiku. Jua likishazama wavuvi wanatoka na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa huvuta vidudu vidogo vya majini, dagaa wanavifuata vidudu, migebuka nao wanawafuata dagaa, ndipo wavu unapoinuliwa kutoka chini. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu: dagaa wametawanyika, na mvuvi anabaki nyumbani akishona nyavu. Mgeni akifika siku hizo anakuta Kibirizi, ufukwe wetu wa boti na dagaa, kumepoa, mitumbwi iko mchangani, dagaa wabichi hakuna, na wakavu wamepanda bei. Anarudi kwao akisema Kigoma hakuna cha kuona, na mimi neno hilo linaniuma, kwa sababu angekuja wiki mbili baadaye angekuta ziwa limewaka taa mpaka upeo wa macho, kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji.

Hesabu yake ni nyepesi kwa anayefuata kalenda ya Kiislamu, na Ujiji, mji mkongwe jirani yetu, wengi wanaifuata. Tarehe 13, 14 na 15 mwezi ni mpevu. Ziepukeni, na siku kadhaa za kabla na baada yake. Njooni kuanzia kama tarehe 24 ya mwezi unaokwisha hadi tarehe 4 au 5 ya mwezi ulioandama. Asiye na kalenda hiyo atoke nje atazame juu. Mwezi wa Dar es Salaam na wa Kigoma ni mmoja.

Jingine la kuuliza kabla ya kulipa nauli: je, ziwa liko wazi? Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Majirani zangu wenye mitumbwi walipata tabu na sitaki kuipunguza tabu yao. Hata hivyo mimi niko upande wa kulipumzisha ziwa. Kwa mgeni maana yake ni moja: kama mnapanga kuja miezi hiyo, pigeni simu kwanza kwa mtu aliye huku.

Kuhusu njia ya kuja sisemi mengi. Anayetoka Dar es Salaam kwa siku mbili hana budi kupanda ndege. Treni ya reli ya zamani ni safari tamu, lakini inakula siku hizo zote mbili kabla hajaliona ziwa, na haiondoki kila siku. Wa Tabora ndiye aliyebahatika: apande basi la asubuhi, apite Urambo na Kaliua, avuke Malagarasi, apite Uvinza ambako chumvi imechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, na atafika kwetu akiwa bado na nguvu ya kutembea.

Mkishaweka mizigo gesti msilale. Kigoma iko magharibi mno, ila saa tunayotumia ni ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu huchelewa kwa takriban dakika 40. Kwa mtu wa pwani hiyo ni zawadi, maana karibu saa moja jioni bado anaona njia. Shukeni barabara ya Lumumba kwa miguu hadi kituo cha reli. Jengo ni la Wajerumani. Reli ilifika hapa mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Bahari ya Hindi, na ndiyo maana watu wakitutaja husema Kigoma mwisho wa reli. Simameni pale mtazame maji. Mvua zikiwa zimesafisha anga, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, mtu anaweza kuhesabu migongo yake. Kiangazi, Julai na Agosti, moshi wa mashamba na vumbi huificha kabisa, na alasiri upepo wa kusini huamsha mawimbi. Mimi napenda zaidi siku za Novemba, au zile za mwishomwisho wa masika.

Jirani na kituo ni bandari, nyumbani kwa meli kongwe, MV Liemba. Wageni wengi huuliza habari zake, na inastahili kuulizwa. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwenye masanduku na kuunganishwa hapahapa Kigoma kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, lakini kwanza wakaipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena ikiitwa Liemba. Ifurahieni historia yake, ila msiijengee ratiba. Imekuwa kwenye ukarabati, na hata inapokwenda, njia yake ya hadi Mpulungu kule Zambia si safari ya mtu mwenye siku mbili. Na bandarini msitoe simu kupiga picha kabla ya kuomba ruhusa.

Usiku wa kwanza kuleni migebuka. Agizeni iliyobanikwa kisha ikaungwa kwa mawese, na ugali wa muhogo, na kama mama ntilie ana pilipili ya kusaga mwambieni aweke pembeni. Wapo wanaoogopa mawese kwa rangi yake wakaomba mafuta ya kawaida. Siwazuii, ila watakuwa wamesafiri kote huku kuja kula chakula cha kwao. Mkimaliza, kama saa tatu usiku, tafuteni sehemu ya mwinuko inayotazama ziwa. Mwenye gesti atawaelekeza. Hapo ndipo mtaelewa kwa nini nimewasumbua na habari za mwezi.

Asubuhi yake sina mjadala: ni Kibirizi, na ni mapema. Kwa kuwa jua letu huchelewa, saa kumi na mbili bado ni giza, na boti za usiku zinaingia kukiwa kunapambazuka. Chukueni bodaboda au bajaji, mpatane bei kabla ya kupanda. Pale ufukweni kila mtu ana haraka. Mvuvi anataka kuuza akalale, na mama anayenunua anataka kuwahi jua, kwa sababu dagaa waliotandazwa mapema huweza kukauka siku hiyohiyo, na waliochelewa wakapigwa na mvua wanageuka rangi na kushuka bei. Wale kina mama wako kazini. Ile ndoo ndiyo mtaji, ndiyo ada ya mtoto. Salimieni kwanza, “mwakeye” ya Kiha inatosha kufungua nyuso asubuhi. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na mkikataliwa pokeeni. Nimewaona wageni wakiinamisha simu hadi usoni kwa mtu anayehesabu pesa zake, na naona aibu kwa niaba ya mji mzima.

Kununua dagaa kuna elimu yake. Chukueni wachache mkononi. Walio wazuri wanang'aa rangi ya fedha, wakikunjwa wanakatika, hawanukii uvundo. Wabanjeni kidogo kwenye kiganja: wakiacha mchanga, walianikwa chini, wasipoacha, walianikwa kwenye vichanja, na hao ndio wa kuwalipia zaidi. Njano ni dalili ya kukaa sana au kunyeshewa. Bei hutajwa kwa kilo au kwa sado, yaani kopo la kupimia. Ulizeni ni ipi kabla ya kuanza kupunguziana.

Baada ya chai pandeni daladala ya Ujiji, kilomita chache tu kupitia Mwanga. Kila mtu anakwenda kwenye ule mwembe ambapo mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari na mvumbuzi Livingstone mwaka 1871. Nendeni, pana makumbusho ndogo na pana kivuli. Mwembe wenyewe ulishakufa, iliyopo inasemekana ilitokana nao. Ninachowasihi ni kuuliza zaidi ya habari za Wazungu wawili kupeana mkono. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na kupita Tabora. Hapa ndipo pembe za ndovu na watu waliotekwa ng'ambo ya ziwa walipofikia kabla ya kutembezwa hadi pwani. Wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1858 walikuta mji una wenyewe. Na siku ile ya 1871 aliyetoka mbio kumlaki Stanley alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Huyohuyo Susi, na Chuma, na wenzao, bwana wao alipofariki mwaka 1873 ndio waliobeba mwili wake kwa miguu kutoka nchi ambayo sasa ni Zambia hadi Bagamoyo. Mwongozeni anayewaongoza: mwambieni awaeleze habari za Susi, za wapagazi, za Wamanyema waliovuka ziwa wakajenga mitaa hii. Wengi wanazijua, ni kwamba hakuna anayewauliza.

Kisha achaneni na makumbusho mtembee mitaani polepole. Ujiji ni mji wa misikiti, wa vibaraza, wa wazee wanaojibu salamu na kuuliza mnatoka kwa nani. Kina dada wawe na kanga au kitenge begani. Si sheria, ni heshima. Mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi hufunga mchana, basi mjue hilo, lakini anayealikwa futari Ujiji asikatae.

Mchana huo mnaopenda kuogelea nendeni ufukwe wa Jakobsen, kupita Katonga. Pana kiingilio, maji ni maangavu, na mwenye miwani ya kuogelea ataona samaki wadogo wa rangi ambao wengi wao hawapo popote duniani isipokuwa ziwa hili. Msiingie maji mahali pengine popote bila kuuliza wenyeji: ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na ufukwe wake huzama ghafla.

Soko la Mwanga liwe la mwisho kabla ya kuondoka, kwa ajili ya vitenge na mawese. Vitenge vingi hutoka Kongo, na muuzaji mkweli atawaambia kipi kitatoa rangi. Mawese yatieni kwenye dumu, si chupa ya maji, mkifunge kifuniko kwa nailoni na kulisimamisha dumu wima. Kwenye basi haina shida, kwenye ndege ulizeni kwanza. Dagaa wafungwe mfuko juu ya mfuko.

Mtauliza, na Gombe je? Hapo ndipo nabishana na ratiba nyingi za wageni. Hifadhi ya Gombe, maarufu kwa sokwe wake, iko kilomita 16 tu kaskazini, na kwa kuiona karibu hivyo kwenye ramani watu hupanga kuimaliza kwa siku moja. Hakuna barabara ya kufika huko, ni maji tu. Boti za abiria zinazokwenda vijiji kama Mwamgongo huondoka Kibirizi mchana na kurudi alfajiri ya kesho yake. Boti ya kukodi inawahi zaidi, lakini ni ghali kwa mtu mmoja, na sokwe hawana miadi: huenda mkawakuta baada ya nusu saa, huenda mkapanda milima hadi adhuhuri. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika pale Julai 1960 akakaa miezi kabla hawajamzoea. Mahali pa namna hiyo hapatembelewi kwa kuchungulia saa. Kwa hiyo mwenye siku mbili abaki mjini, na mwenye uwezo wa kuongeza siku mbili nyingine alale Gombe usiku mmoja au miwili. Mwenye mafua au kikohozi asiende kabisa, kwa maana sokwe huambukizwa maradhi yetu na huweza kufa nayo. Na nauli ya boti ya kukodi igawaneni: ulizieni gesti jioni mnapofika, mara nyingi wapo wengine wanaotafuta watu wa kujaza viti.